Roberto Clemente: Nyota wa besiboli aliyekataa kuitwa Bob

Usiku wa Desemba 31, 1972, wakati wakaazi wa Puerto Rico wakijiandaa kuupokea mwaka mpya, ndege kuukuu ya mizigo iliruka kutoka uwanja wa ndege wa San Juan ikiwa imesheheni misaada. Ilikuwa inaelekea Nicaragua, ambako tetemeko la ardhi lilikuwa limeuharibu mji mkuu, Managua. Haikufika. Ilianguka baharini muda mfupi baada ya kupaa, na watu wote watano waliokuwamo wakafariki.

Mmoja wao alikuwa Roberto Clemente, mchezaji mashuhuri wa besiboli wa timu ya Pittsburgh Pirates ya Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 38. Miezi mitatu tu kabla ya hapo alikuwa ameweka rekodi iliyomwingiza katika kundi dogo la wapigaji bora wa historia ya mchezo huo. Mwili wake haukupatikana hadi leo.

Nusu karne baadaye, Clemente anakumbukwa kwa mambo mawili yanayoonekana kuwa mbali: namna alivyokufa, na namna alivyopigania jina lake. Ukiyatazama maisha yake, mambo hayo mawili yanatoka kwenye chanzo kimoja.

Mtoto wa mashamba ya miwa

Roberto Clemente alizaliwa Agosti 18, 1934, katika mji wa Carolina, karibu na San Juan. Baba yake, Melchor Clemente, alikuwa msimamizi wa vibarua katika mashamba ya miwa. Mama yake aliitwa Luisa Walker. Roberto alikuwa kitinda mimba katika familia kubwa isiyo na fedha nyingi, na tangu utotoni alifanya kazi ndogondogo kuwasaidia wazazi wake.

Puerto Rico ni kisiwa cha Bahari ya Karibiani kilichotawaliwa na Uhispania kwa karne nne kabla ya kuchukuliwa na Marekani mwaka 1898. Tangu mwaka 1917 watu wake ni raia wa Marekani. Kwa hiyo Clemente alikuwa Mmarekani tangu kuzaliwa, ingawa katika maisha yake yote ya uchezaji aliandikwa na kusemwa kana kwamba ni mgeni.

Besiboli ndiyo iliyokuwa mchezo wa kila mtoto wa kisiwa hicho. Kwa asiyeufahamu, mchezo huu una undugu na kriketi. Mrushaji hurusha mpira, na mpigaji wa timu pinzani huupiga kwa gongo kisha akakimbia kupitia vituo vitatu hadi kurudi alipoanzia, mahali panapoitwa nyumbani. Kila anayefika nyumbani huipatia timu yake pointi moja. Walinzi waliotawanyika uwanjani hujaribu kuudaka mpira au kuurusha kituoni kabla mkimbiaji hajafika.

Clemente alikuwa hodari kwa gongo na kwa ulinzi. Shuleni alikuwa pia mrusha mkuki, na wengi wanaamini huko ndiko mkono wake ulikopata nguvu iliyokuja kuwatisha wakimbiaji wa timu pinzani. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 18, alisajiliwa na timu ya Santurce ya Puerto Rico.

Timu iliyomficha ikampoteza

Februari 1954, Clemente alisaini mkataba na Brooklyn Dodgers ya New York, akilipwa dola 10,000 za usajili. Hiyo ndiyo timu ambayo mwaka 1947 ilimwingiza Jackie Robinson uwanjani na kuvunja marufuku isiyoandikwa iliyowazuia watu weusi kucheza katika ligi kuu za Marekani kwa zaidi ya miaka 60.

Kulikuwa na tatizo moja. Kanuni za wakati huo zilisema kijana aliyesajiliwa kwa zaidi ya dola 4,000 awekwe moja kwa moja katika kikosi cha kwanza. Asipowekwa, timu nyingine zingeweza kumchukua mwisho wa msimu. Dodgers walimpeleka Clemente katika timu yao ya chini ya Montreal, Canada, na huko alikaa benchi mara nyingi. Wengi wanaamini lengo lilikuwa kumficha wapelelezi wa timu nyingine wasikione kipaji chake.

Hila hiyo haikufaa kitu. Novemba 1954, Pittsburgh Pirates, iliyokuwa imeshika mkia na hivyo ikapewa nafasi ya kuchagua kwanza, ilimchukua kwa dola 4,000 tu. Aliyeiongoza Pirates ni Branch Rickey, kiongozi yule yule aliyemsajili Robinson kule Brooklyn. Clemente alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu Aprili 17, 1955, na wapinzani siku hiyo walikuwa Dodgers.

Mweusi, na tena msema Kihispania

Kila mwaka kabla ya msimu kuanza, Pirates walikwenda Florida kufanya mazoezi. Huko sheria za ubaguzi wa rangi zilikuwa bado zinatumika. Wachezaji weupe walilala hotelini, na weusi wakatafutiwa malazi katika nyumba za watu weusi wenzao. Timu ilipokuwa safarini, wachezaji weupe waliingia mikahawani, na weusi walibaki kwenye basi wakisubiri kuletewa chakula.

Clemente hakuwa amekulia katika mazingira ya namna hiyo, na hakukubali kuyazoea. Alikataa kula chakula cha kuletewa basini, na akaudai uongozi uwapatie wachezaji weusi gari lao wenyewe ili wasidhalilishwe barabarani. Gari lilipatikana.

Magazeti nayo yalikuwa na namna yao ya kumdhalilisha. Clemente alikuwa bado anajifunza Kiingereza, na baadhi ya waandishi waliyaandika maneno yake kwa tahajia ya kukejeli lafudhi yake, ili wasomaji wacheke. Alipolalamika maumivu ya mgongo, aliyoyapata baada ya kugongwa na gari mwaka 1954, aliitwa mvivu na mtu wa visingizio.

Kisha lilikuja suala la jina. Watangazaji na waandishi wengi walimwita Bob, kifupi cha Kimarekani cha jina ambalo hakulitumia. Hata kadi za picha za wachezaji, zinazokusanywa na watoto Marekani, zilimwandika Bob Clemente kwa zaidi ya miaka 10 hadi mwaka 1969. Yeye aliendelea kuwasahihisha: jina lake ni Roberto.

Namba ya jezi yake ilikuwa 21. Inasimuliwa kwamba aliichagua baada ya kuhesabu herufi za jina lake kamili, Roberto Clemente Walker. Ukizihesabu, utazikuta ni 21.

Uwanjani hakuwa na wa kumbishia

Julai 25, 1956, Pirates walikuwa nyuma kwa pointi 8 kwa 5 dhidi ya Chicago Cubs katika zamu ya mwisho. Vituo vyote vitatu vilikuwa na wakimbiaji wa Pirates. Clemente aliupiga mpira wa kwanza aliorushiwa. Mpira haukutoka nje ya uwanja, lakini wenzake wote watatu walifika nyumbani na matokeo yakawa sare. Meneja wa timu, aliyekuwa amesimama karibu na kituo cha tatu, alimwashiria asimame. Clemente alimpita mbio na kuteleza hadi nyumbani. Pirates wakashinda 9 kwa 8. Katika historia ya ligi kuu, hakuna mechi nyingine inayojulikana kumalizika kwa namna hiyo.

Mwaka 1960 Pirates walitwaa ubingwa mbele ya New York Yankees, na Clemente alipata pigo salama katika kila moja ya mechi saba za fainali. Hata hivyo, katika kura za waandishi za kumchagua mchezaji bora wa msimu alishika nafasi ya nane. Alilitafsiri hilo kama dharau, na hakuficha uchungu wake.

Tuzo hiyo aliipata hatimaye mwaka 1966. Kufikia mwisho alikuwa ameongoza ligi yake kwa wastani wa upigaji mara nne, na kushinda tuzo ya ulinzi bora mara 12.

Sauti ya wenzake

Kadiri alivyozidi kuwa maarufu, Clemente aliutumia umaarufu huo kwa ajili ya wengine. Dr. Martin Luther King alipouawa Aprili 4, 1968, Pirates walitakiwa kufungua msimu mjini Houston Aprili 8, siku moja kabla ya mazishi. Timu hiyo wakati huo ilikuwa na wachezaji weusi 11, wengi kuliko timu nyingine yoyote. Clemente akiwa miongoni mwa vinara, wachezaji walikataa kucheza kabla King hajazikwa. Mechi ilisogezwa hadi Aprili 10.

Septemba 1, 1971, Pirates waliingia uwanjani na kikosi ambacho wachezaji wake wote tisa walikuwa weusi au wenye asili ya Amerika ya Kusini na Karibiani. Hilo lilikuwa halijawahi kutokea katika ligi kuu. Clemente alikuwa mmoja wa tisa hao.

Mwezi uliofuata Pirates walikutana na mabingwa watetezi, Baltimore Orioles, katika fainali. Walipoteza mechi mbili za mwanzo, kisha wakashinda mfululizo huo katika mechi ya saba kwa pointi 2 kwa 1. Clemente alipata tena pigo salama katika kila mechi na akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Alipohojiwa na televisheni baada ya ushindi, mamilioni ya Wamarekani wakitazama, aliomba kwanza nafasi ya kusema machache kwa Kihispania. Aliongea na mama na baba yake kule Carolina, akawaomba baraka zao. Kwa watu wa Puerto Rico, na kwa wahamiaji wengi wanaosema Kihispania nchini Marekani, lugha iliyokuwa ikikejeliwa magazetini ilikuwa imepewa heshima ya kwanza.

Pigo la 3,000 na safari ya mwisho

Septemba 30, 1972, akiwa uwanja wa nyumbani dhidi ya New York Mets, Clemente alipata pigo salama la 3,000 katika maisha yake ya ligi. Wachezaji 10 tu walikuwa wamefikia idadi hiyo kabla yake. Lilikuwa pigo lake la mwisho katika mechi za ligi.

Novemba mwaka huo alikwenda Managua akiiongoza timu ya Puerto Rico katika mashindano ya dunia ya wachezaji wa ridhaa. Alikaa huko wiki kadhaa na kupata marafiki. Kwa hiyo tetemeko lilipoupiga mji huo Desemba 23 na kuua maelfu ya watu, kwake haikuwa habari ya nchi ya mbali.

Alijitosa kuongoza ukusanyaji wa misaada. Lakini taarifa zilianza kufika kwamba mizigo ilikuwa ikichukuliwa na wanajeshi wa mtawala wa Nicaragua, Anastasio Somoza, badala ya kuwafikia waathirika. Clemente aliamua kupanda ndege mwenyewe, akiamini kwamba hakuna ambaye angethubutu kuyaiba mbele ya macho yake.

Ndege iliyokodiwa, aina ya DC-7, ilikuwa imepata ajali ardhini mapema mwezi huo huo. Siku hiyo ilibebeshwa takriban kilo 1,900 kupita kiwango kinachoruhusiwa. Ilipaa saa tatu na dakika 20 usiku, injini zikapata hitilafu, na ikaanguka karibu na pwani. Miongoni mwa waliopiga mbizi kumtafuta siku zilizofuata alikuwa mchezaji mwenzake, Manny Sanguillén, ambaye hakuhudhuria ibada ya kumbukumbu kwa sababu alikuwa majini akiendelea kutafuta.

Familia za waliofariki ziliishtaki serikali ya Marekani kwa kutoikagua ndege hiyo. Zilishinda katika mahakama ya kwanza, lakini mwaka 1977 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu. Clemente aliacha mjane, Vera, na watoto watatu wa kiume.

Jina lililorekebishwa

Kwa kawaida mchezaji husubiri miaka mitano baada ya kuacha kucheza kabla ya kupigiwa kura ya kuingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa Besiboli lililoko Cooperstown, New York. Kwa Clemente, sharti hilo liliondolewa. Machi 1973 alipata kura 393 kati ya 424, na kuwa mchezaji wa kwanza kutoka Amerika ya Kusini na Karibiani kupewa heshima hiyo.

Lakini kibao cha shaba kilichowekwa jumbani humo kiliandikwa Roberto Walker Clemente. Kwa desturi ya wasema Kihispania, jina la ukoo wa baba hutangulia na la mama hufuata. Waandaaji walilichukulia jina la mama yake kama jina la kati la Kimarekani, na hivyo wakakosea jina la mtu aliyeutumia ujana wake akiwaomba watu walitaje sawasawa. Kosa hilo lilidumu miaka 27. Mwaka 2000 kiliwekwa kibao kipya chenye jina Roberto Clemente Walker.

Leo ligi hutoa tuzo yenye jina lake kila mwaka kwa mchezaji anayesaidia jamii. Mjini Pittsburgh kuna daraja linaloitwa Roberto Clemente, na katika uwanja wa Pirates ukuta wa upande wa kulia, sehemu aliyokuwa akiilinda, una urefu wa futi 21 kwenda juu.