Habari za Joseph Joachim, Mpiga Fidla

Wasomaji wetu wa Visiga na Kisarawe waijua fidla: chombo cha mti chenye nyuzi nne, kiwekwacho begani na kupigwa kwa upinde, nacho ni ndugu yake zeze la Wagogo. Wengi wameisikia katika taarabu. Leo twaeleza habari za mtu aliyeipiga katika mji wa Berlin, mji ule ambao misioni yake ilipokea kazi ya Kisarawe na Maneromango mwaka 1903. Mwaka huo Joseph Joachim alitimiza miaka 72, naye alikuwa angali akifundisha.

Alizaliwa tarehe 28 Juni 1831 katika kijiji cha Kittsee, kilichokuwa Hungaria siku zile, na sasa kimo Austria. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na baba yake alifanya biashara ya sufu. Alipokuwa na miaka 7 alipiga fidla mbele ya watu mjini Pest. Kisha akapelekwa Vienna, na huko mwalimu mmoja mwenye sifa alisema kwamba mkono wake wa upinde ni mgumu mno, hatafaa kitu. Wazazi walikaribia kumrudisha nyumbani. Ndipo Joseph Böhm, aliyewahi kufanya kazi na Beethoven mwenyewe, akampokea na kuulainisha mkono ule. Walimu wetu wa shule na walikumbuke jambo hili kabla ya kumwandika mtoto kuwa hawezi.

Mwaka 1843 alifika Leipzig kwa Felix Mendelssohn, mtungaji mkubwa, naye pia mzaliwa wa Wayahudi, aliyebatizwa utotoni. Huyu alimwangalia kama mwanawe. Tarehe 27 Mei 1844, mjini London, Mendelssohn akiongoza wapigaji, kijana asiyetimiza bado miaka 13 alipiga utungo mkubwa wa fidla wa Beethoven, ambao siku zile ulipigwa kwa nadra. Watu wakastaajabu.

Baada ya kukaa Weimar kwa Franz Liszt, akawa mkuu wa wapigaji wa Mfalme Georg wa Hannover, mfalme kipofu aliyependa sana muziki. Huko, mwaka 1855, Joachim akabatizwa katika kanisa la Kilutheri.

Hapa pana neno zito. Miongoni mwa wapigaji wa mfalme alikuwamo Jakob Grün, Myahudi, fundi hodari wa fidla. Joachim aliomba apandishwe cheo. Msimamizi wa jumba la michezo akakataa, kwa sababu mtu huyo ni Myahudi. Joachim akaona kwamba akinyamaza, ubatizo wake mwenyewe utageuka kuwa kitu cha kununulia cheo: yeye apate heshima kwa kuwa amebatizwa, na ndugu zake wa damu wakae chini kwa aibu. Akayaandika hayo wazi kwa msimamizi, na mwaka 1865 akaiacha kazi ya mfalme. Hakuuacha ubatizo wake, aliuacha mshahara. Sisi tulio na kazi ya kufundisha wanaotaka ubatizo twajua jinsi ilivyo vigumu kuujua moyo wa mtu na hicho anachokitafuta. Grün naye hakupotea: alikwenda Vienna, akawa mkuu wa wapigaji na mwalimu.

Ijumaa Kuu ya mwaka 1868 Joachim alipiga fidla katika kanisa kuu la Bremen, siku rafiki yake Johannes Brahms alipoongoza tungo zake za kuwakumbuka wafu. Mwaka uliofuata akawa mkuu wa chuo kipya cha muziki Berlin, na wanafunzi wakamjia toka nchi nyingi. Mwaka huo huo alianza kupiga pamoja na wenzake watatu: fidla mbili, ya tatu kubwa kidogo, na ya nne ishikwayo kati ya magoti. Katika muziki huo hakuna mwenye kijiti cha kuongoza. Kila mmoja humsikiliza mwenzake. Wenzake walibadilika, lakini yeye aliendelea hivyo mpaka mwaka wa kufa kwake.

Nyumbani hakuweza kusikiliza vivyo hivyo. Alimdhania mkewe Amalie, mwimbaji, kuwa si mwaminifu. Brahms akamwandikia mama huyo barua ya kumtetea, nayo ikasomwa barazani. Ndoa ikavunjwa mwaka 1884, na urafiki wa wale wawili ukakatika. Mwaka 1887 Brahms alitunga utungo wa fidla mbili, ndogo na kubwa, ili kumrudisha rafiki yake. Joachim akaupiga mjini Köln mwaka huo huo, Brahms akiongoza. Amalie hakurudiwa; alifariki mwaka 1899.

Joachim alifariki Berlin tarehe 15 Agosti 1907. Miaka minne kabla yake sauti ya fidla yake ilitiwa katika sahani za santuri, vipande 5 tu. Vyasikika hata leo, vikiwa na mikwaruzo mingi, na ule mkono wa upinde unatambulika.