Gerry Anderson: Mtayarishaji wa vikaragosi aliyetamani filamu za watu

Katika makala haya tunamwangalia Gerry Anderson, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni wa Uingereza aliyefariki tarehe 26 Desemba 2012 akiwa na umri wa miaka 83.

Alizaliwa London mwaka 1929. Kaka yake, Lionel, alikuwa rubani wa jeshi la anga. Akiwa mafunzoni Arizona, Marekani, aliiandikia familia barua iliyotaja uwanja wa ndege ulioitwa Thunderbird. Mwaka 1944 Lionel aliuawa vitani. Gerry hakulisahau jina lile.

Mwaka 1957, yeye na mpiga picha za filamu Arthur Provis walianzisha kampuni yao. Walitaka kutengeneza filamu za watu, lakini kazi haikuja na fedha zikawa zinakwisha. Kazi ilipokuja, ilikuwa ya vikaragosi vya watoto. Walivunjika moyo, ila waliipokea kwa sababu ya njaa. Provis aliondoka baadaye, naye akaendelea kupiga picha na kutayarisha vipindi vya aina hiyo hiyo.

Anderson aliamua kwamba kama ni vikaragosi, basi vifanane na watu. Vilichezeshwa kwa nyuzi nyembamba za chuma. Sauti za waigizaji zilirekodiwa kwanza, kisha umeme uliotokana na sauti hizo ulipita kwenye nyuzi hadi kichwani na kuchezesha mdomo. Tatizo lilikuwa kutembea, kwani vikaragosi vilining'inia badala ya kukanyaga. Ndiyo maana aliviweka ndani ya magari, ndege na roketi.

Oktoba 1963, maji yalifurika katika mgodi wa chuma wa Lengede, Ujerumani. Mashine kubwa ya kutoboa mwamba ilibidi isafirishwe kutoka mbali huku watu wakisubiri chini ya ardhi. Wachimbaji 29 walikufa, lakini 11 walitolewa wakiwa hai baada ya wiki mbili. Anderson akajiuliza ingekuwaje kama vifaa vya uokoaji vingekuwa tayari wakati wote. Pamoja na mkewe Sylvia, alibuni kipindi kuhusu familia inayookoa watu popote duniani. Kilianza kurushwa mwaka 1965, na jina lake ni Thunderbirds.

Baadaye alipata nafasi ya kufanya kazi na waigizaji halisi. Hata hivyo, anakumbukwa zaidi kwa vikaragosi, kazi aliyoipokea shingo upande.