Kifo cha Wangila kitufunze kuwapenda mashujaa wetu

Wako watu ambao vifo vyao huombolezwa nyumbani kwao pekee, na wako wengine ambao misiba yao huingia katika kila nyumba bila kubisha hodi. Marehemu Robert Napunyi Wangila alikuwa wa kundi hili la pili. Habari za kifo chake zilipotufikia mwishoni mwa mwezi wa Julai 1994, mitaa ya Eastlands jijini Nairobi ilizizima. Kuanzia Kaloleni hadi Jericho, kuanzia Shauri Moyo hadi Maringo, watu wazima walikusanyika penye redio, na vijana waliozoea kufanya mazoezi ya ndondi katika kumbi za mitaa wakaketi na glavu zao mapajani. Wengi wao hawakuwahi kumwona bondia huyo ana kwa ana. Hata hivyo, walimlilia kama ndugu wa tumbo moja.

Wangila alizaliwa Nairobi tarehe 3 Septemba 1967. Katika jiji hilo, ndondi ulikuwa mchezo wa watoto wa wafanyakazi. Haukuhitaji uwanja wa nyasi wala vifaa vya bei ghali. Ukumbi wa mtaa, gunia lililoshindiliwa na kocha mwenye subira vilitosha. Tena mchezo huo ulikuwa na jina katika nchi hii. Philip Waruinge alikuwa amerudi na nishani ya shaba kutoka Mexico mwaka wa 1968 na ya fedha kutoka Munich mwaka wa 1972. Baada ya hapo Kenya ilisusia Michezo ya Olimpiki ya 1976 na ya 1980, na kizazi kizima cha mabondia kikazeeka bila kupata nafasi. Mwaka wa 1984 Ibrahim Bilali alileta shaba kutoka Los Angeles. Dhahabu ilikuwa bado ndoto.

Mwaka wa 1987 Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika, na Wangila akawa miongoni mwa mabondia wetu walionyakua dhahabu mbele ya mashabiki wa nyumbani. Mwaka uliofuata alikwenda Seoul, Korea Kusini, akiwa kijana wa miaka ishirini na moja. Katika fainali ya uzani wa welta alikutana na Mfaransa Laurent Boudouani. Michezo hiyo ilikuwa na malalamiko mengi kuhusu waamuzi, lakini pambano la Wangila halikuwaachia waamuzi kazi yoyote. Alimshinda mpinzani wake kwa nokauti katika raundi ya pili.

Hivyo Wangila akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ndondi katika Olimpiki. Kenya ilishinda dhahabu tano mwaka huo. Nne zilitoka kwa wakimbiaji, yaani Paul Ereng, Peter Rono, John Ngugi na Julius Kariuki. Ya tano ilitoka ulingoni, na hadi leo hakuna Mkenya mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha.

Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tukiri jambo moja. Katika furaha yetu, ni nani kati yetu aliyeuliza hali ya yule Mfaransa? Kwetu sisi nokauti ilikuwa mwisho mtamu wa hadithi, wala hatukuitazama kama jeraha katika kichwa cha binadamu.

Baada ya ushindi huo, Wangila alielekea Marekani kutafuta riziki katika ndondi za kulipwa. Huko mambo yalikuwa tofauti kabisa. Katika ndondi za ridhaa za wakati ule, bondia alivaa kofia ya kumkinga kichwa na kupigana raundi tatu tu. Katika ndondi za kulipwa, kofia haipo na raundi huweza kufika kumi na mbili. Wangila alishinda mapambano zaidi ya ishirini, akashindwa machache, lakini taji kubwa la dunia halikuja.

Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, alipambana na David Gonzales. Katika raundi ya tisa refa aliona makonde yamezidi, akasimamisha pambano. Wangila alipinga vikali uamuzi huo, kwani moyo wake uliamini kwamba bado aliweza kuendelea. Muda mfupi baadaye alizirai katika chumba cha kubadilishia nguo. Alipasuliwa kichwa hospitalini, lakini hakupata nafuu. Alifariki tarehe 24 Julai, akiwa na umri wa miaka ishirini na sita.

Walimu wa sayansi wanaweza kuwaeleza wanafunzi jinsi jambo kama hili linavyotokea. Mishipa ikipasuka, damu huvuja kati ya fuvu na ubongo. Maadamu fuvu la mtu mzima halitanuki, ubongo hubanwa kidogo kidogo. Majeruhi huweza kusimama, kuzungumza, hata kubishana, kabla ya kupoteza fahamu. Kwa hiyo neno la bondia kwamba yuko salama halitoshi kuwa ushahidi wa usalama wake.

Jambo hili lilikuwa limejulikana kabla ya msiba wetu. Mnamo Novemba 1982, bondia wa Korea Kusini, Duk Koo Kim, alifariki kwa majeraha ya kichwa baada ya kupigana na Ray Mancini papo hapo Las Vegas. Kifo chake kilisababisha raundi za mapambano ya ubingwa kupunguzwa kutoka kumi na tano hadi kumi na mbili. Na yule Boudouani aliyeangushwa Seoul aliinuka, akaendelea, na mwaka wa 1996 akawa bingwa wa dunia wa chama cha WBA. Aliyeshindwa aliishi akavaa taji, na aliyeshinda alikuwa kaburini kwa miaka miwili.

Tulimpenda Wangila kwa sababu hakukubali kushindwa. Lakini usiku ule wa Las Vegas, aliyemtakia mema zaidi ni yule mgeni aliyeingia kati na kumzuia, ingawa alikuwa amekwisha kuchelewa. Upendo wa shabiki husema endelea. Upendo wa mlezi hujua saa ya kusema basi.

Walimu wenzangu, katika shule zetu wamo vijana wenye moyo kama wa Wangila. Yumo anayecheza kandanda akiwa na kizunguzungu baada ya kugongwa kichwa, naye huapa kwamba hana neno. Tusimsifu kwa ushupavu huo. Tumtoe uwanjani, tumpeleke kwa daktari, hata akituchukia kwa juma zima. Nanyi wanafunzi, mkiambiwa na mwalimu au refa kwamba mchezo umekwisha, msidhani mmeaibishwa.

Machozi yaliyomwagwa Eastlands mwaka wa 1994 yalikuwa ya kweli. Lakini kilio peke yake hakimlindi kijana aliyeko ulingoni jioni hii.