JEEVANJEE: TAJIRI ALIYEWAPA MASKINI KIVULI

Jina Jeevanjee linajulikana na kila apitaye Moi Avenue jijini Nairobi. Ni jina la bustani. Lakini je, mwenye jina alikuwa nani?

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka wa 1856. Alifika Mombasa mnamo 1890 kutafuta biashara. Reli ya kwenda Uganda ilipoanza kujengwa mwaka wa 1896, alipata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka Bara Hindi. Basi akatajirika si mchezo! Mwaka wa 1902 alianzisha gazeti la African Standard huko Mombasa, nalo ndilo mzazi wa The Standard la leo.

Nairobi ya siku hizo ilikuwa mji wa kubaguana: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Hata Jeevanjee, pamoja na mali yake yote, hakuruhusiwa kumiliki shamba katika nyanda za juu. Jambo hilo alilipinga waziwazi. Mwaka wa 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo.

Lakini mimi namsifu zaidi kwa alilofanya mwaka wa 1906. Alichukua shamba la ekari tano hivi katikati ya mji, akaligeuza bustani, akalitoa liwe pahali pa maskini kupumzikia. Hakuweka duka. Hakudai kiingilio.

Alifariki mwaka wa 1936, utajiri wake ukiwa umepungua sana. Mwaka wa 1991 ukatolewa mpango wa kujenga maduka na maegesho ya magari palepale. Mjukuu wake, Zarina Patel, akasimama kidete pamoja na wananchi wengine, na mpango ukafa.

Kwa nini watu wapiganie miti na nyasi? Mimi naelewa. Mtaani kwetu kulikuwa na kiwanja chenye mti mmoja tu. Jioni akina mama walikaa chini yake wakisukana, wazee wakicheza drafti, nasi watoto tukicheza kati. Mgonjwa akiwa nyumba fulani, habari ilifika pale kwanza na mchango ukaanzia papo hapo. Siku moja kikazungushiwa mabati. Sasa kila mtu anajifungia kwake, na jirani akiugua tunajua baada ya wiki.

Lakini kule Jeevanjee, saa za chakula cha mchana, karani na asiye na kazi hukaa benchi moja. Mhubiri ahubiri huku, wabishi wa siasa wabishane kule. Hawajuani, ila wataongea tu. Hotelini ukikaa bila kununua utafukuzwa. Bustanini hakuna wa kukuuliza.

Ndugu zangu, ukiona kiwanja cha wote kikipimwapimwa, uliza mapema. Jeevanjee hakufa na mali, lakini wema hauozi. Kivuli chake kingalipo.