Mwalimu wa Yatima wa Stans

Johann Heinrich Pestalozzi alizaliwa Zürich, nchi ya Uswisi, mwaka 1746. Alipokuwa mtu mzima alinunua shamba karibu na kijiji cha Birr, lakini kilimo kilimshinda. Ndipo akakusanya watoto wa maskini, wakawa wakisokota pamba huku wakisoma. Shule hiyo nayo ikafa, akabaki fukara.

Mwaka 1798 askari wa Kifaransa waliupiga mji wa Stans, wakaacha yatima wengi. Serikali ikampeleka Pestalozzi awalee. Watoto walikuwa wapata 80, wengi wana upele na chawa, na msaidizi wake alikuwa mtumishi mmoja tu wa nyumbani. Alikula nao, akalala kati yao. Mtoto aliyejua kidogo alimfundisha mwenziwe asiyejua. Baada ya miezi mitano nyumba ikatwaliwa iwe hospitali ya askari.

Naye, mwenye miaka 53 na afya mbovu, akaenda Burgdorf kuwafundisha watoto wadogo wa maskini. Baadaye shule yake ya Yverdon ilisifiwa Ulaya nzima. Lakini kwa fikira zangu miezi ile ya Stans yaipita. Alifariki mwaka 1827, akazikwa Birr, kando ya shule ya kijiji.