Ambrose Reeves, askofu aliyekusanya ushahidi wa mauaji ya Sharpeville

Kila inapofika tarehe 21 Machi, siku ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kwa ajili ya kupinga ubaguzi wa rangi, jina la Sharpeville husikika tena redioni. Wengi tunajua kwamba siku hiyo mwaka 1960 polisi wa Afrika Kusini waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi. Wachache wanajua ni nani aliyehakikisha kwamba simulizi ya polisi haikubaki peke yake. Mmoja wao, na pengine aliyelipa gharama kubwa kuliko wenzake ndani ya kanisa, ni Ambrose Reeves, askofu wa Kianglikana wa Johannesburg. Katika makala haya tunayatazama maisha yake.

Mwingereza wa mjini

Reeves alizaliwa Norwich, mashariki mwa Uingereza, Desemba 1899. Alisoma Cambridge, kisha akapata mafunzo ya upadri Mirfield, kwa watawa wa Jumuiya ya Ufufuo, ambao baadaye walifanya kazi kubwa Afrika Kusini. Alihudumu Scotland, akafanya kazi na wanafunzi Wakristo huko Geneva, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa paroko mkuu wa Liverpool, mji wa bandari uliokuwa umepigwa mabomu vibaya. Kanisa lake lilikuwa karibu na gati, na waumini wake walikuwa watu wa bandarini. Tunaitaja Liverpool kwa sababu waliomlaumu baadaye kwamba anachanganya dini na siasa walisahau alikotoka. Alipotua Johannesburg mwaka 1949, mwaka mmoja tu baada ya chama cha National kushika madaraka na kuanza kuujenga mfumo wa apartheid, alikuwa tayari amezoea kuuliza mtu analipwa kiasi gani na analala wapi.

Katika dayosisi yake alimkuta padri Trevor Huddleston, aliyekuwa akiwatetea wakazi wa Sophiatown wasihamishwe kwa nguvu. Wasikilizaji wetu wa kusini mwa Tanzania wanalijua jina hilo: ndiye Huddleston aliyekuja kuwa askofu wa Masasi kuanzia mwaka 1960.

Mgongano mkubwa wa kwanza kati ya Reeves na serikali ulihusu shule. Sheria ya elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 ilitaka shule za misheni zikabidhiwe kwa serikali, na mtoto Mwafrika afundishwe kile tu ambacho serikali iliona kinamfaa mtumishi. Maaskofu wengine walikubali shingo upande, wakaona afadhali shule mbaya kuliko kukosa shule. Reeves alizifunga. Uamuzi huo uliwaumiza wazazi wengi, na mpaka leo wapo wanaouliza kama ulikuwa sahihi. Kijana mmoja mwalimu aliyeacha kazi kwa kuipinga sheria hiyohiyo alikwenda kwa Reeves kuomba kusomea upadri, naye akampokea. Kijana huyo aliitwa Desmond Tutu.

Mwishoni mwa mwaka 1956 watu 156, akiwemo Nelson Mandela na Albert Luthuli, walikamatwa na kushtakiwa kwa uhaini. Reeves akawa mstari wa mbele katika mfuko wa kuwalipia mawakili na kuzisaidia familia zao. Kesi ilidumu zaidi ya miaka minne, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Kazi ya mfuko huo ilimfunza askofu jambo lililomfaa baadaye: kwamba mbele ya dola yenye nguvu, huruma bila karatasi haifiki mbali. Panahitajika wakili, hati ya kiapo, na shahidi aliyehojiwa mapema kabla hajatishwa.

Jumatatu ya Sharpeville

Kitongoji cha Sharpeville kiko karibu na mji wa Vereeniging, kusini mwa Johannesburg. Chama cha PAC, kilichoongozwa na Robert Sobukwe, kiliwataka Waafrika waache pasi zao nyumbani siku ya Jumatatu tarehe 21 Machi 1960, waende vituo vya polisi na kujitoa wakamatwe. Pasi ilikuwa kitabu ambacho kila Mwafrika mtu mzima alilazimika kutembea nacho. Wazee wetu wa Kenya waliovaa kipande shingoni hawahitaji maelezo zaidi.

Lakini si kila aliyekuwepo pale alikuwa mfuasi wa PAC. Asubuhi ile mabasi hayakutembea kama kawaida, kwa hiyo watu wengi hawakwenda kazini. Ikaenea habari kwamba afisa mkubwa atakuja saa nane mchana kutoa tangazo kuhusu pasi. Watu wakaja kusikiliza. Walikuwepo wanawake, walikuwepo watoto, walikuwepo wapita njia waliotaka tu kuona kuna nini. Ndege za kijeshi zilipita chini kuwatisha watu, na watoto wakazitazama kama maonyesho. Magari ya deraya yalipoingia, umati ulipisha njia.

Polisi nao walikuwa na hofu yao. Miezi miwili kabla, huko Cato Manor karibu na Durban, polisi tisa waliuawa na umati wenye hasira. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, ila haielezi kwa nini umati wa Sharpeville haukuamriwa kutawanyika wala kupewa onyo kabla ya risasi. Muda mfupi baada ya saa saba na nusu mchana ufyatuaji ulianza, na watu walipogeuka kukimbia, uliendelea. Hesabu rasmi ilikuwa watu 69 waliokufa, wakiwemo wanawake 8 na watoto 10, na majeruhi 180. Hakuna polisi aliyeuawa.

Vitandani mwa majeruhi

Serikali ya Waziri Mkuu Hendrik Verwoerd ilikuwa na maelezo yake mara moja: polisi walizingirwa na maelfu ya watu wenye silaha, wakajihami. Kama hakuna mtu ambaye angeuliza swali la pili, maelezo hayo yangebaki kuwa historia.

Reeves alikwenda hospitali ya Baragwanath, walikopelekwa wengi wa majeruhi, akazungumza nao kitanda kwa kitanda. Wodi zilikuwa chini ya ulinzi wa polisi, na baadhi ya majeruhi walitoka kitandani kuingia mahabusu. Askofu akatafuta mawakili wa kuandika maelezo yao kwa kiapo, na madaktari wa kueleza majeraha. Wakati huohuo alidai hadharani uchunguzi wa kimahakama. Shinikizo la ndani na nje lilipozidi, serikali iliteua tume chini ya Jaji Wessels, na mbele ya tume hiyo wakili Sydney Kentridge alisimama kwa niaba ya askofu.

Hapa tunadhani ndipo ulipo uzito wa mchango wake. Maelezo ya watu maskini waliopigwa risasi yangekataliwa kirahisi kama maneno ya wahuni. Majeraha ni jambo jingine. Ushahidi wa kitabibu ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 70 ya waliopigwa walipigwa kutoka nyuma. Mtu anayeshambulia kituo cha polisi hakipi mgongo. Picha za Ian Berry, mpigapicha wa jarida la Drum aliyekuwepo siku hiyo, zilionyesha jambo hilohilo: wanawake na watoto wanakimbia kuelekea kwenye kamera, polisi wako nyuma yao. Ushahidi huu wa aina mbili, mmoja wa hospitali na mwingine wa kamera, uliungana na maneno ya majeruhi na kuyapa nguvu.

Usiku wa kuondoka

Tarehe 30 Machi serikali ilitangaza hali ya hatari. Maelfu walikamatwa bila mashtaka, na PAC na ANC zikapigwa marufuku siku chache baadaye. Reeves alipata habari kwamba naye yumo katika orodha. Tarehe 1 Aprili akavuka mpaka kwenda Swaziland, na hatimaye akafika London.

Safari hiyo ilimletea lawama ambazo hazikumwacha maisha yake yote. Ndani ya kanisa lake, hata miongoni mwa watu waliokubaliana naye, wapo waliosema mchungaji amewakimbia kondoo wakati wa mbwa mwitu. Waumini wengi wazungu walifurahi tu kwamba ameondoka. Waliomtetea walisema kwamba akiwa gerezani angenyamazishwa, na ushahidi alioukusanya ungenyamazishwa pamoja naye. Sisi hatuoni kwamba lawama zile zilikuwa za bure. Mtu aliyebaki Sharpeville hakuwa na Swaziland ya kukimbilia. Lakini ukiangalia alichofanya na uhuru ule, ni vigumu kusema aliutumia kujificha. Mwaka huohuo alichapisha London kitabu kuhusu ufyatuaji wa Sharpeville, kilichoeleza tukio lile na ushahidi uliotolewa mbele ya tume. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekwisha kupitisha azimio namba 134 la kulaani mauaji hayo siku ileile ya tarehe 1 Aprili. Sasa wasomaji wa nje walipata pia maelezo ya kina kuhusu jinsi mauaji yalivyotokea.

Kisha akarudi. Tarehe 10 Septemba 1960 alitua Johannesburg, akijua vizuri kinachoweza kumpata. Siku mbili baadaye maafisa wa usalama walimchukua, wakampeleka uwanja wa ndege na kumpandisha ndege ya kwenda London. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Mwaka uliofuata alijiuzulu uaskofu ili dayosisi ipate kiongozi anayeweza kukaa nayo. Aliyechukua nafasi yake, Leslie Stradling, alitoka Tanganyika, ambako alikuwa askofu wa Masasi na baadaye wa Kusini-Magharibi.

Haki iliyofungiwa mlango

Je, familia za Sharpeville zilipata haki? Mahakamani, hapana. Majeruhi na wafiwa walifungua madai 224 ya fidia dhidi ya serikali. Serikali ilijibu kwa kutunga sheria. Sheria ya kinga ya mwaka 1961 iliwakinga maafisa wake dhidi ya madai yaliyotokana na matukio hayo, na ilirudi nyuma hadi tarehe 21 Machi 1960, siku ya mauaji yenyewe. Kwa lugha nyepesi, mlango wa mahakama ulifungwa wakati watu tayari wamesimama mbele yake na karatasi mkononi. Tume ya Wessels nayo ilitoa ripoti bila kumbebesha afisa yeyote hatia. Hadi leo hakuna polisi aliyetiwa hatiani kwa mauaji ya Sharpeville.

Huko Uingereza, Reeves hakupewa tena dayosisi. Aliongoza kwa muda chama cha wanafunzi Wakristo, kisha akawa padri wa parokia katika mji mdogo wa Lewes, kusini mwa nchi. Kwa mtu aliyekuwa askofu wa mji mkubwa kuliko yote Afrika Kusini, huko kulikuwa kushuka ngazi, na wengi wa marafiki zake waliona kanisa la Uingereza limemtupa. Hata hivyo hakuiacha kazi. Alikuwa rais wa vuguvugu la kupinga apartheid nchini Uingereza, lile lililoanza kama kampeni ya kususia bidhaa za Afrika Kusini katika mkutano wa London wa Juni 1959, ambao Julius Nyerere alikuwa mmoja wa waliouhutubia. Reeves alifariki Desemba 1980, akiwa na umri wa miaka 81, bila kuiona Afrika Kusini huru.

Miaka 16 baadaye, Tume ya Ukweli na Maridhiano iliwasikiliza watu wa Sharpeville. Watu waliokuwa vijana mwaka 1960 walikuja wakiwa wazee, wakaonyesha makovu. Mwenyekiti wa tume alikuwa Desmond Tutu, yule mwalimu ambaye Reeves alimpokea kusomea upadri. Tume ilihitimisha kwamba polisi walifyatulia risasi kwa makusudi umati usio na silaha, na kwamba huo ulikuwa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Desemba mwaka huohuo wa 1996, Rais Nelson Mandela alitia saini katiba mpya ya nchi hukohuko Sharpeville.

Hesabu yenyewe ya waliokufa haijatulia. Wanahistoria Nancy Clark na William Worger, waliopekua nyaraka za polisi na ripoti za uchunguzi wa maiti na kuwahoji wakazi, wanasema waliouawa hawakupungua 91, na majeruhi hawakupungua 238. Namba 69, ambayo sisi sote tumeizoea na kuirudia kila Machi, ilitoka kwa polisi.