SHAABAN ROBERT: MWANAMUME ALIYEYAPA MACHOZI MANENO

Kila mwanachama wa chama chetu cha Kiswahili anamjua Shaaban Robert. Jina lake tunalikariri kama jina la mchezaji mpira hodari. Ukituuliza yeye ni nani, tutakujibu mbio mbio kwamba ni baba wa fasihi ya Kiswahili, kisha tutanyamaza. Leo ninataka nikusimulie maisha yake kwa upande mwingine: jinsi alivyoishi na huzuni pamoja na hasira zake bila kuzificha na bila kumdhuru mtu.

Alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, karibu na mji wa Tanga. Wazazi wake walikuwa na asili ya Kiyao, lakini yeye alijihesabu Mswahili. Hapo sisi wa Rongo tupate moyo, maana lugha hii humpokea kila anayeitumikia kwa dhati. Alisoma Dar es Salaam kati ya mwaka 1922 na 1926, halafu akaajiriwa na serikali ya kikoloni kama karani wa forodha. Kazi ya ukarani aliifanya katika idara mbalimbali mpaka mwaka 1960. Vitabu vyake aliviandika huku akiwa mtumishi wa watu.

Pigo kubwa lilimjia alipofiwa na mkewe, Amina. Jamani, mauti si mchezo! Mwanamume wa enzi zile, tena karani mwenye heshima zake, angeweza kukaza uso na kujitia hana neno. Shaaban Robert hakufanya hivyo. Alitunga shairi la kumlilia mkewe, akaliita kwa jina la marehemu, Amina. Ndani yake anamtaja mkewe kwa mapenzi, anakiri uchungu wake, na anamwombea. Watu wote wakasoma, na hakuna aliyemwona kuwa dhaifu. Kinyume cha hayo, shairi hilo ni miongoni mwa yale yaliyompatia sifa.

Nalisema hili kwa sababu yetu sisi wavulana. Tangu utotoni tumeambiwa mwanamume halii. Ajabu ni kwamba mila zetu wenyewe hazisemi hivyo. Huku kwetu Migori na Homa Bay msiba hauna siri. Akina mama hupaza sauti za vilio, wazee husimama wakamtaja marehemu kwa majina yake ya sifa, na nyatiti hupigwa mpaka usiku wa manane. Wazee wetu walijua kwamba uchungu usiposemwa hugeuka sumu. Lakini mwanafunzi akifiwa na mzazi, akirudi bwenini baada ya mazishi, anavuta blanketi kichwani na kujifanya amelala. Sisi nasi tunampita tu. Waama, mficha maradhi kilio humfichua.

Baada ya kuyaona ya kwake, Shaaban Robert aliwakumbuka wanawe. Bintiye Mwanjaa alimtungia Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume, Suleman, akamtungia Utenzi wa Adili. Humo mzazi anaongea na mwana taratibu kuhusu tabia njema na namna ya kuishi na watu. Hebu fikiria, ni wangapi kati yetu waliowahi kukaa na baba zao wakaongea hivyo?

Sasa tuje kwenye hasira. Shaaban Robert aliishi chini ya ukoloni, wakati Mwafrika akibaguliwa kwa rangi ya ngozi yake. Alikuwa na kila sababu ya kuwaka. Moto wake aliutia katika kitabu cha Kusadikika, kilichotoka mwaka 1951. Mle kijana Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha watu elimu ya sheria. Karama hapigi kelele wala harushi jiwe. Anaomba nafasi ya kujitetea, na kwa siku sita anasimulia habari za wajumbe sita walioitumikia nchi wakaambulia kufungwa. Mwishowe anaachiliwa huru, na wajumbe wale nao wanafunguliwa. Hasira ya Karama ilikuwepo, tena ya haki, ila yeye ndiye aliyekuwa bwana wake.

Wenzangu, hapa ndipo penye jambo. Nchi yetu imeona hasira isiyo na bwana. Mwezi Machi 2001, wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos, kwa moto uliowashwa na wanafunzi wenzao. Hasira hasara, wahenga walisema, na hasara ile haina fidia.

Basi tujifunze nini? Kwanza, tulijue jina la kinachotuchoma: je, ni hasira, au ni woga, wivu au huzuni iliyovaa kanzu ya hasira? Pili, tukiseme, kwa rafiki, kwa mwalimu wa ushauri nasaha, au hata kwenye karatasi ambayo hataisoma mtu. Tatu, tungoje moyo upoe kabla ya kutenda. Na walimu wetu, kwa heshima na taadhima, tunawaomba mtusikilize kabla ya kutuhukumu, kwani hata Karama alipewa siku sita.

Shaaban Robert alifariki Juni 1962, akiwa na umri wa miaka 53. Wakuu waliomwamuru ofisini wengi wamesahaulika, lakini Amina, mke wa karani, anajulikana mpaka leo hapa Rongo, kwa kuwa mumewe hakuona haya kumlilia.